Sahani ya Mpishi

Kule Mpuguso mpishi wa kukodi ndiye anayekula sahani ya kwanza. Hapelekewi jikoni. Anawekewa kiti mbele ya wazee wa ukoo, anakula wakimwangalia, na akishamaliza ndipo watu wanapopanga foleni. Wenyewe husema wanatoa sumu, na husema hivyo wakicheka, lakini sahani ile isipoliwa hakuna anayegusa kijiko. Mwanaasha aliijua desturi hiyo vizuri. Alikuwa amewapikia pilau watu wa Rungwe kwa miaka mingi, harusi na misiba, Waislamu na Wakristo, na zamani sahani ile alikuwa akiimaliza huku akiwatania wazee kwamba wamempunja nyama.

Siku ya sherehe ya kumuaga Doreen, binti wa Felista aliyekuwa akiolewa, Mwanaasha alijaribu kumsukumia sahani hiyo binti yake mwenyewe.

"Suad ndiye aliyekaanga nyama, mzee," alisema, akiwa ameinama kidogo kwa heshima. "Leo ale yeye."

Mzee Andongwisye alikuwa shemeji wa Felista, kaka wa marehemu mumewe, na siku hiyo ndiye aliyekaa mahali pa baba wa binti. Alimtazama Mwanaasha toka juu hadi chini. Mpishi aliyemfahamu yeye alikuwa akijaza kiti mpaka kinalia. Huyu aliyesimama mbele yake kanga ilimzunguka mara mbili na mashavu yalikuwa yameingia ndani.

"Mama Hafidhi, sisi tulimkodi nani? Wewe au mtoto?"

"Mimi, mzee."

"Basi kaa."

Alikaa. Suad, anayejua kila kitu, alimpakulia wali kidogo upande mmoja wa sahani, na mzee akauliza kama wanalisha kuku. Ikabidi aongeze, na nyama juu yake. Wageni walikuwa wameshasimama na sahani zao chini ya turubai. MC alikuwa ametangaza chakula mara mbili, na wakwe wa Doreen, waliotoka Kyela tangu alfajiri, walikuwa wakitazamana. Mwanaasha aliona macho yote hayo yakimsubiri yeye. Akafanya kosa ambalo hakuwa amelifanya tangu atoke hospitali. Aliona aibu, akaharakisha.

Tonge la kwanza lilipita. La pili likapita kwa shida. La tatu likakwama katikati ya kifua na kukaa pale, na mdomo ukaanza kujaa mate mazito. Alitabasamu. Alijaribu kuvuta pumzi polepole kama alivyofundishwa. Kisha akainuka ghafla, kiti kikaanguka, akakimbilia nyuma kwenye migomba na kutapika povu na wali, akiwa ameshika mgomba kwa mikono miwili.

Alipogeuka, muziki ulikuwa bado unapigwa, lakini watu walikuwa wanarudisha sahani mezani. Walizirudisha taratibu, kwa adabu, moja juu ya nyingine. Felista alikuwa amesimama katikati ya uwanja na kitenge chake kipya cha sare, akimtazama Mwanaasha bila kupepesa, na Doreen alikuwa ameanza kulia kwenye kiti chake kilichopambwa maua.

Pilau lote lilimwagwa kwenye shimo, likafukiwa ili hata mbwa wasilipate. Mwanaasha na Suad waliosha masufuria peke yao. Siku nyingine wanawake wa nyumba husaidia, na mtu hapati hata nafasi ya kushika steli wulu ya kusugulia, lakini siku hiyo walikaa mbali wakiwaangalia kama wanaangalia watu wanaohama.

*

"Nilikwambia ukae nyumbani," alisema Mrisho, mumewe.

"Nikae nyumbani tule nini?"

Mrisho aliendelea kupitisha uzi kwenye tundu la sindano. Yeye ni fundi cherehani wa Bulyaga, na baba yake alikuwa fundi hapohapo, barazani palepale. Zamani Krismasi na Idi zikikaribia alikuwa akikataa kazi. Siku hizi mitumba inamwagwa chini sokoni Tukuyu, na nguo za Kichina zinaning'inia kila duka, na gauni zima linauzwa kwa bei ambayo yeye hapati hata kitambaa. Kazi zilizobaki ni kukunja pindo za suruali na sare za shule mwezi wa kwanza. Nyumba ilikuwa inaendeshwa na masufuria ya mkewe, na wote wawili walilijua hilo bila kulisema.

Na wote wawili walijua jambo la pili, ambalo pia hawakulisema nje ya chumba chao. Mwanzoni mwa mwaka mwana wao wa kwanza, Hafidhi, anayetoa mizigo bandarini Dar es Salaam, alimchukua mama yake akampeleka hospitali ya watu binafsi. Sukari ilikuwa imempanda hata macho yakaanza kuona ukungu, na magoti hayakuwa yakimfikisha sokoni. Daktari alisema akipungua mwili atapata nafuu ya vyote viwili, na kwamba kwa kufunga mdomo tu hatapungua. Wakalikata tumbo lake la chakula. Lililobaki, daktari alimwonyesha kwa vidole, ni sawa na ndizi moja changa.

Na kweli alipata nafuu. Macho yalirudi, akapanda mlima wa kwenda sokoni bila kusimama. Lakini hakuna aliyemwambia namna ya kuishi bila kula katika mji ambao kila mlango ukibisha unakaribishwa chakula. Chakula chake kilikuwa kijiko kidogo cha chai, akitafune hadi kiwe uji, asubiri, ndipo achukue kingine. Maji asinywe pamoja na chakula. Ugali ulikuwa adui. Wali na nyama ngumu vilikuwa bahati nasibu. Akijisahau akanywa chai ya sukari, moyo ulimwenda mbio na jasho likamtoka mpaka alale kwenye mkeka. Nywele zilikuwa zinabaki kwenye kitana. Walikata tumbo, lakini tamaa waliiacha palepale, kwa hiyo alisimama juu ya pilau lake kila Jumamosi akilitamani hadi machozi yakamlenga, na watu wakadhani ni moshi.

Mrisho naye aliumia kwa namna yake. Tangu waoane walikuwa wakila sinia moja. Sasa alikuwa anakula peke yake, na mkewe amekaa pembeni na kikombe kidogo akitafuna kitu ambacho mtu mzima angekimeza mara moja. Alimkumbuka mke wake wakati mke wake amekaa mbele yake, na hakujua amwambie nani jambo la namna hiyo.

Yeye ndiye aliyetunga uvimbe. Watu walipouliza, alisema mama Hafidhi ametolewa uvimbe tumboni, na watu wakasema pole, wakaja na ndizi na maparachichi, na habari ikaisha.

"Tuseme ukweli," alisema Mwanaasha siku hiyo, akiwa bado na harufu ya moshi wa Mpuguso. "Wakijua nilikatwa tumbo, watajua kwa nini nilitapika."

"Useme nini? Kwamba mtoto wako alitoa mamilioni ukakatwe kwa sababu ya kushiba? Watu hapa wanauza ng'ombe ili mgonjwa wao ale, wewe umelipa ili usile. Msikitini nitaingilia mlango gani?"

"Nilikatwa kwa sababu ya sukari na magoti."

"Wewe unajua hivyo. Wao watasikia unene."

"Kwa hiyo bora waseme nimeweka sumu?"

"Watasahau," alisema Mrisho, akavuta cherehani karibu. "Watu husahau."

*

Hawakusahau. Mwalimu mmoja aliyekuwa amemkodi kwa ubatizo wa mwanawe alipiga simu, akazunguka sana na salamu, halafu akasema wameamua kufanya kitu kidogo tu cha kifamilia. Jamaa wa msiba wa arobaini hawakupiga hata simu. Suad alikwenda kuuliza akakuta mpishi mwingine ameshawasha moto.

Jirani yao wa ukuta mmoja alipelekewa bakuli la mbaazi za nazi, kama wanavyopelekeana miaka yote. Bakuli lilirudi upesi mno, limeoshwa likang'aa. Jioni Suad alipokwenda kumwaga taka alizikuta mbaazi shimoni, zimelala juu ya maganda ya ndizi. Hakumwambia mama yake, lakini mama yake alimwona usoni.

"Wamezitupa?"

"Labda ziliwachachia, mama."

"Mbaazi za leo?"

Kisimani maneno yalikuwa ya aina mbili. Wengine walisema ameanza kutumia dawa za mganga ili wapishi wenzake wasipate kazi, na dawa hizo zimemgeukia. Wengine, wapole zaidi, walisema anameza vidonge vya ule ugonjwa, maana wembamba wa ghafla namna ile wanaujua. Mteja wa Mrisho aliyekuja kupunguza suruali alimwuliza kwa sauti ya chini kama na yeye amekwenda kupima. Mrisho alipima kiuno cha suruali mara mbili na kukosea zote.

Halafu simu ya Felista ikaja. Hakumtukana. Mwanaasha angependa zaidi kama angemtukana.

"Mama Hafidhi, wakwe wa Doreen wamesimamisha ndoa. Wanasema sisi tulitaka kuwaua. Shemeji anaita kikao kesho kutwa. Njoo na mumeo."

"Nitakuja."

"Uje kweli. Usipokuja mimi sitakuwa na la kusema."

*

Sebule ya Felista ilikuwa imefagiliwa, makochi yamefunikwa vitambaa vya kushonwa kwa mkono. Wazee walikuwa wanne, Andongwisye akiwa katikati. Kando yake alikaa dada yake, Tupokigwe, mama wa makamo mwenye mdomo usiokopesha. Mwanaasha na Mrisho walipewa kochi la peke yao. Walisalimiana kwa Kinyakyusa, ndaga, ndaga, wakaulizana mvua za Tukuyu na za Mpuguso kana kwamba kuna tofauti.

"Mama Hafidhi," alianza Andongwisye, "hatukukuita tukufunge. Umetupikia hapa tukizika na tukioa. Lakini mtoto wetu yumo ndani analia. Tunataka kujua kitu kimoja tu. Kwa nini mpishi alitapika chakula chake?"

Kabla hajajibu, Felista aliingia na sahani. Ilikuwa mbalaga, ndizi zilizopikwa zikalainika, sahani imejaa hadi ukingoni, mvuke unatoka. Aliiweka juu ya stuli mbele ya Mwanaasha, akaweka na kijiko.

"Nimepika mimi mwenyewe," alisema. "Hakuna nyama, usiwe na wasiwasi. Ni ndizi na maziwa. Kula kwangu, kama nilivyotaka watu wangu wale kwako."

Hapo palikuwa pagumu, na kila mtu chumbani alijua ni pagumu. Kuikataa sahani ya Felista ni kumwambia yeye ndiye mwenye sumu.

"Nitakula," alisema Mwanaasha. "Lakini nitakula polepole sana, mzee, na sitamaliza. Nilikatwa tumbo."

"La uvimbe tulisikia. Pole."

"Haukuwa uvimbe."

Mrisho alisogea kwenye kochi. Mwanaasha aliendelea bila kumtazama. Aliwaeleza sukari, magoti, Dar es Salaam, ndizi moja changa. Alieleza kwa maneno mafupi, na kila neno alilisikia likitua sakafuni.

"Unene ni ugonjwa?" aliuliza Andongwisye. Hakuwa anadhihaki, alitaka kujua kweli.

"Ukizidi, mzee. Kwangu ulizidi."

"Mimi nimeishi na njaa ya mwaka ule wa ukame, na sijaona mtu akimlipa daktari ili asishibe," alisema Tupokigwe. "Lakini kama umekatwa, kovu lipo. Twende chumbani."

Walikwenda wanawake watatu. Mwanaasha alifungua kanga na kupandisha blauzi, akasimama katikati ya chumba cha Felista, ngozi ya tumbo ikiwa imelegea na kuning'inia kama nguo ya mtu mwingine. Tupokigwe aliinama, akasogeza kichwa kuelekea dirishani apate mwanga, akatazama, kisha akagusa kwa kidole. Juu ya tumbo palikuwa na alama tano ndogo, nyeusi, kila moja ukubwa wa ukucha.

"Ni hizi tu?"

"Ndizo. Siku hizi hawapasui. Wanaingiza vyuma vyembamba na kamera, wanafanya kazi kwa ndani."

Felista alipandisha blauzi yake mwenyewe. Alikuwa amepasuliwa alipomzaa Doreen, na kovu lake lilitoka chini hadi kitovuni, nene kama kamba. Alilionyesha, akashusha blauzi.

"Kutoa mtoto ni hivi," alisema Tupokigwe. "Wewe wametoa tumbo zima kwenye kitundu cha kidole? Mama Hafidhi, hizi ni chale. Hata mjukuu wangu atakwambia hizi ni chale."

Na kwa mtu ambaye hajawahi kuona upasuaji wa namna ile, zilikuwa chale kweli: alama ndogo za wembe, zimepangwa, ambazo mganga huzipaka dawa nyeusi. Mwanaasha alizitazama kwa macho yao na kwa mara ya kwanza aliziona hivyo. Ukweli wake, alioubania miezi yote hiyo, alipoutoa ulikuwa na sura ya uongo. Alishusha blauzi akajifunga kanga.

*

"Amechanjwa," Tupokigwe aliwaambia wazee waliporudi. "Nimeona kwa macho yangu."

Andongwisye alimgeukia Mrisho. Mpaka hapo hakuna aliyemwuliza kitu.

"Fundi, wewe ndiye mwenye mke. Utuambie mbele yake. Hospitali walimtoa nini?"

Jibu lilikuwa la neno moja au mawili. Mrisho aliyatazama viatu vyake. Mawazoni alimwona yule mteja wa suruali, akawaona wenzake wa baraza la msikiti wakisukumana viwiko, akaona jina la mwanawe likipita kutoka mdomo hadi mdomo kama kichekesho. Mtu akishatunga uongo huulea, na huu alikuwa ameulea miezi mingi.

"Uvimbe, mzee," alisema. "Walitoa uvimbe."

Mwanaasha hakugeuka. Kitu kilimkata ndani, mahali ambapo daktari hakuwa amefika. Ishirini na nane ni miaka mingi ya kukaa na mtu, na siku aliyomhitaji kwa neno moja tu, alimnyima.

"Basi kati yenu mmoja anadanganya," alisema Andongwisye, kwa huzuni zaidi kuliko hasira. "Sisi si polisi. Kula, mama. Kula umalize, na mimi nitawapigia watu wa Kyela niwaambie mpishi amekula kwetu akamaliza."

Mwanaasha alichukua kijiko. Alikata kipande cha ndizi kidogo kuliko punje ya haragwe, akakiweka mdomoni, akatafuna. Alitafuna wakamtazama. Alimeza, akaweka kijiko chini, akasubiri. Mtu anayesubiri chakula kishuke hana la kufanya na mikono yake, kwa hiyo aliikunja mapajani. Kisha akachukua kipande kingine.

Wazee walivumilia kwa muda. Mmoja akaanza kukohoa. Mwingine akamnong'oneza jirani yake habari za wanunuzi wa maparachichi waliofika Tukuyu na mizani zao. Sahani ilikuwa haijapungua hata upande mmoja. Nje kulikuwa na chungu cha kimpumu, pombe ya ulezi inayonywewa kwa mirija, kilichobaki kwenye sherehe iliyoharibika, na maji yake ya moto yalikuwa tayari.

"Akimaliza mtuite," alisema Andongwisye, akainuka, na wengine wakainuka naye. Tupokigwe alisema ana kazi shambani. Mrisho alitoka wa mwisho. Pale mlangoni alisimama kidogo, kama mtu aliyesahau kitu, halafu akawafuata.

*

Walibaki wanawake wawili. Felista alivuta kiti akakaa mbele yake, karibu kabisa, viwiko juu ya magoti.

"Mimi sina haraka," alisema.

Mwanaasha alikula. Felista alitazama. Aliona jinsi kila kipande kilivyotafunwa hadi hakina cha kutafunwa. Aliona paji la uso likianza kung'aa kwa jasho, na mkono ukishika kifua, na mama huyo akingoja macho yamefumba mpaka kitu fulani kipite ndani yake. Kuna wakati Felista aliinuka amletee maji.

"Siwezi kunywa nikiwa nakula. Nisamehe."

"Hata maji?"

"Hata maji."

Felista alirudi akakaa. Baada ya muda aliuliza, kwa sauti nyingine, "Njaa unaisikia?"

"Kichwani naisikia. Nikinusa kitunguu kinakaangwa nataka nile sufuria nzima. Tumboni hakuna nafasi."

"Na uliyajua haya kabla hawajakukata?"

"Waliniambia. Lakini kuambiwa ni kuambiwa. Walisema nitakula kidogo, hawakusema nitakula peke yangu."

Nje wanaume walikuwa wanaongea kwa sauti, na mirija ya kimpumu ikipokezanwa.

"Nilikuwa nakuonea wivu," alisema Felista. "Ulivyokuwa mnene. Ukija hapa na masufuria yako namwambia marehemu, mwone mke wa fundi alivyotunzwa. Mpaka akaninunia."

Mwanaasha alicheka kidogo, akiwa amefunga mdomo kwa sababu kulikuwa na ndizi ndani. Kicheko kilimuuma kifua. Alikula vipande vingine vichache, kisha akaweka kijiko kando ya sahani, si juu yake.

"Hapa ndipo mwisho. Nikiongeza kimoja, vyote vitarudi, na utaona yale ya siku ile. Nikiwa hapa ndani kwako sitaki uyaone tena."

Felista aliitazama sahani. Ilikuwa imepungua kidogo tu, kama sahani ya mtoto anayeumwa. Aliutazama uso wa Mwanaasha, uliochoka kama wa mtu aliyelima kutwa.

"Mimi nimekuamini," alisema. "Lakini mimi ni mmoja, mama Hafidhi. Na mimi nilikuwa na muda wa kukaa."

Aliinua sahani, akatoka nayo nje.

*

Dirisha lilikuwa wazi, na Mwanaasha alisikia yote akiwa kwenye kochi.

"Amekula," ilikuwa sauti ya Felista. "Nimekaa naye. Amekula chakula changu na hakutapika."

"Mbona amebakiza?" aliuliza Andongwisye.

"Amekula anachoweza, shemeji."

"Hiki ni kula? Mtu akikubakizia chakula chote hiki amekukubali au amekukataa? Niwaambie nini watu wa Kyela, kwamba ameonja?"

"Nimekaa naye mimi."

"Wewe ni mwanamke mwenye huruma, nakujua. Sahani imejaa."

Mwanaasha alifumba macho. Alijua Felista hataweza zaidi ya hapo, na hakumlaumu. Aliwaza masufuria yake yaliyogeuzwa chini uani, na Suad ambaye hajajua kazi nyingine, na alianza kupanga kichwani ni lipi la kuuza kwanza.

"Amebakiza kwa sababu hakuna pa kuweka."

Ilikuwa sauti ya Mrisho. Haikuwa kubwa. Mtu mmoja alimwambia arudie, hakusikika, na Mrisho alirudia.

"Hakuna pa kuweka, mzee. Walimkata tumbo kama alivyosema. Zile si chale, ni matundu ya vyuma vya daktari. Uvimbe niliutunga mimi. Mle ndani nimeulizwa nikautunga tena."

"Kwa nini utunge?"

"Niliona aibu."

"Aibu ya nini? Ugonjwa hauna aibu."

"Kwa kuwa ilikuwa unene," alisema Mrisho, na sauti ikapasuka kidogo. "Alikuwa na sukari, lakini kilichokatwa ni kwa ajili ya unene. Mwanangu Hafidhi alilipa. Alikopa na mimi nilikubali."

Kuku walisikika wakiparua majani chini ya migomba.

"Ngoja nielewe," alisema Andongwisye taratibu. "Ulimtoa mkeo Tukuyu. Ukampeleka hadi Dar es Salaam. Mkatoa hela. Ili asile?"

"Ndiyo, mzee."

"Ili chakula kikiwepo, asikile?"

"Ndiyo."

Mmoja alianza kwa kikohozi. Wa pili alijaribu kujizuia akashindwa, kisha mzee Andongwisye mwenyewe akaachia kicheko kilichotoka chini kabisa ya tumbo, na uwanja wote ukamfuata. Walicheka wakijipigapiga mapajani. Mmoja alisema kama ni hivyo yeye ana dawa ya bure, fundi aoe wake wanne na chakula kitapungua chenyewe. Mwingine alisema fundi angemkata mwenyewe kwa mkasi wa kitambaa. Mrisho hakujitetea. Ndicho kicheko alichokuwa akikikimbia tangu mwanzoni mwa mwaka, na sasa alikuwa amesimama katikati yake na kofia yake ya vito ya kuswalia mkononi, akikipokea.

Felista alirudi ndani na sahani yake. Machoni alikuwa na machozi na haikujulikana ni ya nini.

"Wanacheka," alisema.

"Nawasikia."

"Shemeji ameshika simu anatafuta namba ya Kyela, ila hawezi kuongea kwa kicheko." Aliweka sahani mezani. "Basi wamekuamini, mama Hafidhi."

Mwanaasha alijua ni kweli, maana tangu siku ile wale hawakuwa wamecheka mbele yake, wala kumtazama hawakumtazama isipokuwa kwa pembe ya jicho, na mtu hamcheki anayemshuku sumu. Kesho kicheko hiki kitafika Bulyaga, keshokutwa sokoni, na kila harusi atakayopika mtu atamwuliza kama amekuja na tumbo lake. Uso ulimwaka. Alimkasirikia Mrisho kwa neno alilomnyima na alimhurumia kwa neno alilolitoa, vyote kwa pamoja, na hakuwa na nguvu ya kuvitenganisha.

Nje walikuwa wanamwuliza Mrisho kama na yeye anataka kukatwa, na alikuwa peke yake. Mwanaasha aliinuka, akajifunga kanga vizuri, akatoka akachekwe pamoja naye.